Digrii Thelathini Juu ya Etere

Daktari alikuja laboratwari Jumanne asubuhi, koti lake jeupe limekunjwa chini ya kwapa kama mtu anayepeleka nguo kufuliwa. Nilidhani amekuja kuomba maji ya mvuke kwa ajili ya sindano. Hicho ndicho kitu pekee tulichokuwa bado na uwezo wa kumpa mtu. Vita vya kwanza vilikuwa vimeipora taasisi yetu hadi vitasa vya milango. Vya pili vilipoingia Bukavu, havikukuta cha kupora, vikakaa tu.

Hakuniangalia. Alimwendea mwalimu wangu, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha akisahihisha mazoezi kwa penseli.

"Muzee," alisema, "unaweza kunifanyia etere?"

Mwalimu wangu aliweka penseli chini. Alikuwa profesa wa kemia, mtu wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye suti moja ya kahawia ambayo mke wake aliipiga pasi kila Jumapili baada ya misa. Mimi nilikuwa assistante wake, msaidizi wa maabara. Alinifundisha nikiwa mwanafunzi, akanitetea nilipotaka kubaki chuoni wakati wengine walisema mwanamke mwenye mtoto hana kichwa cha kemia. Nilikuwa na binti wa miaka mitano, na baba yake alikuwa amekwenda Kisangani kabla ya vita akapotelea huko.

"Etere ya nini?" profesa aliuliza.

"Ya kulaza bagonjwa. Sina kitu tena. Kila karto ya dawa inayofika inapitia kwanza kwa camp ya baaskari. Juzi nimemupasua mama moja wa kule Miti, risasi iko ndani ya paja. Banaume bane banamushika." Akalihamishia koti kwapa la pili. "Alikuwa ananiita mutoto wake. Njo vile alikuwa analia: mutoto wangu, acha, mutoto wangu, acha."

Katika hospitali yake ndogo kulikuwa na mtawa mmoja mzee aliyejua kazi ya zamani, kudondosha etere tone kwa tone juu ya kitambaa kilichofunika pua ya mgonjwa. Kilichokosekana ni etere yenyewe.

Profesa alisimama, akaenda kwenye ubao, akafuta mazoezi ya wanafunzi kwa kiganja. Nilijua atafanya nini. Kila mwaka alifundisha somo hilo, na kila mwaka wanafunzi walilisahau baada ya mtihani.

"Dokta, sikiliza," alisema. "Unachukua alkoli, unachukua asidi kali, unapasha moto. Sasa pale ndani kuna njia mbili, zote zinaanzia fasi moja. Ni kama kutoka hapa kwenda Muhumba. Njia moja inazunguka, haina mulima mukubwa. Ingine inapanda mulima moja kwa moja. Batu wakiwa na nguvu kidogo, bote banazunguka. Ukibapatia nguvu mingi, banaanza kupanda mulima. Ile ya kuzunguka inakupatia etere. Ile ya mulima inakupatia gesi, inaruka, unabaki na chupa mutupu."

"Na nguvu njo nini?"

"Njo joto. Cent quarante, unapata etere. Cent soixante-dix, unapata gesi. Katikati unapata vyote viwili, vinagombana. Chini sana, hupati kitu." Alipangusa mikono kwenye suruali, jambo ambalo mke wake alimkataza. "Joto linaharakisha njia zote mbili, dokta, lakini ile ngumu njo inafaidi zaidi. Hapo njo batu banakosea. Banafikiri moto mingi ni etere mingi."

Mia moja na arobaini, mia moja na sabini. Tofauti ya digrii thelathini. Daktari alitazama ubao kama mtu anayesoma barua ya hukumu, akauliza kama kuna kipimajoto kilichobaki.

Kilikuwapo kimoja. Profesa alikuwa amekipeleka kwake Muhumba siku ya uporaji, ndani ya soksi.

*

Asidi tulikuwa nayo. Waporaji walikuwa wameigusa wakaiacha, mmoja wao akiwa ameacha na ngozi ya vidole. Alkoli ilitoka kwa akina mama wanaopika kanyanga, pombe kali ya ndizi, milimani. Tuliichemsha upya na kuikusanya mara mbili mpaka ikawa safi, ukiimwaga mkononi unahisi baridi na haiachi harufu ya ndizi.

Tatizo lilikuwa moto. Mbabula, jiko la makaa, haikufaa, kwa sababu mvuke wa etere ukikutana na kaa moja nyumba nzima inaruka. Tulikuwa na resho, jiko dogo la umeme, na umeme wa mto Ruzizi wakati ule ulikuwa kama mgonjwa wa malaria. Asubuhi, kila nyumba ikipika, ulishuka mpaka taa ikawa nyekundu. Wakikata mtaa mmoja chini kule, ulipanda ghafla na resho ikawaka kama jua. Kwa hiyo tuliweka chupa ya duara ndani ya sufuria yenye mchanga, sufuria juu ya resho, kipimajoto ndani ya chupa, na mtu mmoja akae pale bila kuondoa macho. Zebaki ikikaribia mia na arobaini na tano, unainua chupa kutoka kwenye mchanga. Ikishuka chini ya mia na thelathini na tano, unairudisha. Alkoli inaingia tone kwa tone kutoka juu, mvuke unatoka upande, unapita kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, etere inadondoka ndani ya chupa iliyokaa kwenye beseni.

Mtu huyo wa kukaa pale alikuwa mimi. Profesa aliona kwamba macho yake hayasomi tena mistari midogo.

"Ma fille," alisema, akiniita binti yake, "wewe njo mulango. Ukilala, wote banapita."

Chupa ya kwanza tuliiosha na maji ya soda, tukaikausha kwa chumvi, na profesa akakataa ipelekwe hospitali kabla haijajaribiwa kwa mtu. Nilimwambia tutafute kuku. Alisema kuku hawezi kutuambia kama anasikia kichwa kuuma. Akavua koti, akalala juu ya meza ya maabara ambayo nilikuwa nimeifuta, na yule mtawa mzee, aliyekuja kwa miguu na kitambaa chake na kopo lake, akaanza kudondosha. Profesa alihesabu kwa Kifaransa mpaka kumi na tisa, kisha akaendelea kwa Mashi, lugha ya kwao, kisha akanyamaza. Mtawa alimfinya sikio kwa kucha. Hakutikisika.

Alipoamka alitapika kwenye ndoo, akasema, "Nani amezima redio?" Hakukuwa na redio. Tulicheka, sisi watatu, mpaka mtawa akalazimika kukaa. Sikumbuki kucheka namna ile tena katika miaka ya vita.

Kwa majuma matano tulipeleka chupa karibu kila siku ya kazi. Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja alileta parachichi mbili, akaziweka juu ya meza akisema mama aliyepasuliwa Alhamisi amelala mpaka mwisho na alipoamka aliuliza kama wameshaanza. Profesa alikula yake pale pale. Mimi nilimpelekea binti yangu ile yangu.

*

Habari nzuri hazikai. Mkurugenzi wa taasisi yetu alikuwa mtu wa rika langu, msomi wa jiografia, aliyeteuliwa na wale waliokuwa wameshika mji. Hakuwa mbaya zaidi ya wengine. Alitaka kubaki kwenye kiti chake, na kiti kile kilihitaji kulishwa. Alipopata fununu ya etere, hakutugombeza. Alikuja Jumatatu moja na komanda, mtu mrefu mwenye sauti ya upole na viatu visivyo na vumbi, na walinzi wawili waliobaki mlangoni.

"Professeur wetu anafanya maajabu," mkurugenzi alisema. "Nimemwambia komanda, hii ni taasisi yake pia."

Komanda alitazama chupa, bomba, beseni. Aliniuliza mimi ninafanya nini. Nilisema ninaangalia joto.

"Natafuta chupa kumi kwa hôpital ya camp," alimwambia profesa. "Samedi, hii Jumamosi."

"Komanda, kwa siku naweza kufanya moja. Siku nzuri, moja na nusu."

"Ongeza moto," mkurugenzi alisema.

Profesa alimgeukia. Nakumbuka alifungua kifungo cha koti lake na kukifunga tena.

"Mukurugenzi, nikiongeza moto sitapata mingi. Nitapata kitu kingine."

"Kitu gani?" komanda aliuliza.

"Gesi. Iko nyepesi, haina rangi. Inatoka, inakwenda."

"Mimi sitaiona?"

"Hautaiona."

Komanda alitabasamu. "Muzee, mutu akiniambia mali yangu imegeuka kitu chenye sioni, mimi nafikiri nini?"

Mkurugenzi alisema kwamba atatuletea alkoli ya kutosha mwenyewe, ili pasiwe na kisingizio. Na kweli, siku iliyofuata dumu la lita ishirini lilishushwa mlangoni na askari, alkoli safi ya kiwandani, ya aina ambayo hospitali ilikuwa ikiomba tangu vita kuanza na kuambiwa haipo popote.

Profesa alifanya hesabu zake. Tuongeze chupa ya duara kubwa iliyobaki, tufanye kazi tangu asubuhi mapema mpaka jioni, lakini joto lisiguswe. Alisema kama hatutafika kumi tutafika sita, na sita ni kitu ambacho mtu anaweza kukishika mkononi akakitetea.

Jumatano jioni tulikuwa na mbili. Alhamisi tulikuwa na nne. Ijumaa asubuhi tuliweka alkoli yote iliyobaki juu, karibu nusu ya dumu, na kuifungulia tone la haraka kidogo. Profesa alitazama zebaki pamoja nami saa nzima. Ilikuwa imetulia kwenye mia na thelathini na nane. Kisha akachukua moja ya zile chupa nne, akaifunga kwa kitambaa chenye maji, akaipeleka hospitali kwa siri. Kulikuwa na mwanamke kutoka Mumosho aliyekuwa akingoja kupasuliwa tumbo Jumamosi.

"Nakuya sasa hivi," alisema. "Usitoke."

Nikabaki na zebaki.

*

Risasi zilianza kama saa nne. Mwanzoni zilikuwa mbali, na watu wa Bukavu tulikuwa tumejifunza kupima umbali wa risasi kama wengine wanavyopima mvua. Kisha zikalia upande wa Muhumba. Shule ya binti yangu ilikuwa Muhumba, chumba kimoja nyuma ya kanisa, chenye paa la mabati na watoto arobaini. Mpishi wa taasisi alipita dirishani akikimbia, kanga imefunguka. "Banapiga kwa masomo!" alisema. "Kwa batoto!"

Sijui nani alimwambia. Haikuwa kweli. Nilikuja kujua mchana kwamba walikuwa askari walevi wakigombania pikipiki.

Nimejaribu miaka mingi kukumbuka mikono yangu ilifanya nini wakati ule. Kuinua chupa kutoka kwenye mchanga ni kazi ya sekunde tatu. Kuzima resho ni sekunde moja. Kufunga bomba la alkoli ni sekunde mbili. Sikufanya hata moja. Nilikuwa nimefika barabarani kabla sijajua kwamba nimeinuka.

Nilimkuta binti yangu chini ya benchi pamoja na wenzake, akila kipande cha muhogo. Nilimbeba mpaka kwa jirani yangu, nikamwacha, nikarudi nikipitia njia ya chini kwa sababu ya vizuizi. Jumla, kama saa mbili.

Nilisikia harufu kabla ya kufungua mlango, harufu ya kiberiti inayokata koo. Taa ya dari ilikuwa nyeupe kabisa, umeme umepanda kuliko wakati wowote. Zebaki ilikuwa imepita mia na sabini na tano. Ndani ya chupa ya duara kulikuwa na kitu cheusi kama lami, kinatoa mapovu polepole. Alkoli yote ya juu ilikuwa imeisha, imeshuka yote, tone kwa tone, kwa utii. Ndani ya beseni, chupa ya kupokea etere ilikuwa na kimiminika kisichofika vidole viwili, na kilinuka kiberiti; hata etere ya asubuhi ilikuwa imechukuliwa na gesi.

Lita karibu kumi. Zilikuwa zimeingia humo ndani, zikachukua njia ya mlima, zikatoka dirishani. Sikuona chochote. Mlima wa Kabare ulikuwa pale pale ng'ambo, na mawingu yake.

Nilizima. Nilikaa sakafuni. Kisha nikafanya kile nilichokifanya: nilimwaga lile tone chafu kwenye shimo, nikafungua madirisha yaliyobaki, nikasugua chupa ya duara kwa mchanga na majivu. Weusi haukutoka.

Profesa aliporudi alisimama mlangoni, pua juu. Alikwenda kwenye chupa, akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha.

"Courant ilipanda," nilisema. "Ghafla."

"Ulikuwa hapa?"

Nilikuwa na matope mpaka magotini. Viatu vyangu vilikuwa vyekundu kwa udongo wa njia ya chini, ambao haupatikani ndani ya laboratwari yoyote.

"Nilikuwa," nilisema.

Alitazama viatu vyangu. Kisha akaitazama chupa tena, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sawa," alisema.

Angekuwa amenipiga kofi, ningesema yote.

*

Jumamosi tuliitwa kwenye ofisi ya mkurugenzi. Komanda alikaa kwenye kiti cha mkurugenzi, na mkurugenzi alikaa kwenye kiti cha wageni. Juu ya meza kulikuwa na chupa nne za etere. Tatu zilitoka kwetu. Ya nne ilikuwa bado imefungwa kwa kitambaa cha profesa. Askari walikuwa wameitoa kwenye kabati la hospitali asubuhi ile, saa moja kabla ya yule mwanamke wa Mumosho kulazwa mezani.

"Nilipatia wewe litres vingt," komanda alisema. "Hizi ni ine. Na moja mulikuwa mumeiba. Ingine iko wapi?"

"Imegeuka gesi," profesa alisema.

"Gesi yenye sioni."

"Ndiyo, komanda. Moto ulipita. Ukipita digrii thelathini, haiko tena etere. Nilikuelezea."

"Ameuza," mkurugenzi alisema. Alisema bila hasira, akitazama dirisha, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Watu bananunua alkoli sana siku hizi."

Profesa alianza kueleza tena, kwa subira, tangu mwanzo, njia mbili zinazoanzia mahali pamoja. Nilimsikiliza na nikaona kwamba komanda anamsikiliza pia, kwa kweli anajaribu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akaniangalia.

"Wewe njo ulikuwa unaangalia joto. Ulisema vile. Ulikuwa pale?"

Jibu lilikuwa rahisi. Ningesema: sikuwapo, nilikimbilia mtoto, chupa ikaachwa peke yake, profesa hana kosa na hakuna aliyeuza kitu. Labda wangenifunga. Labda wasingefanya kitu, kwa sababu mama aliyekimbilia mtoto ni jambo ambalo hata mwenye bunduki analielewa. Nimezifikiria njia zote hizo. Wakati ule niliona tu binti yangu chini ya lile benchi na mdomo wake una muhogo.

"Mimi ni assistante tu," nilisema. "Nafanya kile naambiwa."

Mlangoni mlinzi akabadilisha mguu. Profesa hakunigeukia. Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia ubaoni:

"Ni kweli. Ni miye nilikuwa kwa moto. Yeye nilimutuma inje."

Walimchukua akiwa na suti yake ya kahawia. Mlangoni alisita, nikadhani ataniambia kitu. Aliinama tu kufunga kamba ya kiatu, na askari akamngoja.

Mwanamke wa Mumosho alipasuliwa siku ile ile, kwa sababu tumbo halikuweza kungoja. Watawa walimshika. Alifariki Jumatatu. Daktari hakuniambia kama ni maumivu yaliyomuua au ugonjwa, na mimi sikumuuliza. Aliacha kuja laboratwari.

*

Profesa aliwekwa ndani ya kontena la chuma kule kambini, pamoja na wengine. Mke wake alipeleka chakula kila siku, na kila siku alirudi na sahani ya jana, wakati mwingine imeguswa, wakati mwingine haijaguswa. Alinisimulia kwamba mchana chuma kilichoma mgongo mtu akiegemea, na alfajiri kilitoa jasho la baridi lililowadondokea. Nilimsindikiza mara mbili mpaka kwenye kizuizi. Mara ya tatu nilisema nina homa.

Siku ya kumi na tisa walimwachia, baada ya askofu au mtu wa karibu na askofu kuzungumza na mtu. Alirudi na miguu iliyovimba na kikohozi ambacho hakikuondoka. Nilikwenda kumsalimu. Alikuwa amekaa kitandani, mashati mawili mwilini, mikono juu ya magoti.

"Binti yako anasoma muzuri?" aliniuliza.

"Anasoma, Muzee."

"Usimukatishe."

Nilikuwa nimekuja kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Mke wake aliingia na chai, akanipa kikombe, akakaa. Nilikunywa chai, nikaaga.

Hakurudi kufundisha. Masomo yake nilipewa mimi, na mkurugenzi aliniandikia barua ya kunipandisha cheo. Barua hiyo niliipokea. Mwalimu wangu alifariki msimu wa mvua uliofuata. Kwenye kilio nilipika, nilifua, nililia kuliko watoto wake, na watu walisema: tazama mwanafunzi anavyompenda mwalimu.

Vita viliisha kwa namna vitu vinavyoisha kwetu, yaani watu walianza kusema vimeisha. Mkurugenzi alibadilisha marafiki kwa wakati unaofaa. Miaka michache baadaye kulifanyika sherehe ya kuwatambua waliohudumia majeruhi wa mji wakati mgumu. Niliketi safu ya tatu. Walisoma jina la mkurugenzi. Walisema kwamba chini ya uongozi wake, katika laboratwari isiyo na kitu, taasisi ilitengeneza dawa ya usingizi na kuokoa maisha. Alipanda jukwaani, akapokea cheti ndani ya fremu, akasema hakufanya kazi hiyo peke yake. Akanyoosha mkono kuelekea kwangu. "Mama assistante wetu yuko hapa, leo ni professeur. Simama, maman." Nikasimama. Ukumbi ulipiga makofi. Jina la mwalimu wangu halikusomwa, na mimi niliyekuwa nimesimama, mwenye mdomo, nilipunga mkono, nikakaa.

Juma lile lile nilipanda gari kwenda Miti. Mke wa profesa alikuwa amerudi kwenye shamba la wazazi wake huko, karibu na barabara ya Kavumu. Nilimkuta uani akipukuchua maharage kwenye ungo. Alikuwa amezeeka, lakini alinitambua kwa hatua kabla sijafika.

Safari hii nilisema. Nilisema kabla sijakaa, nimesimama na pochi yangu mkononi, kama mwanafunzi anayesoma shairi ambalo hakulielewa. Nilimwambia kuhusu risasi, shule, saa mbili, viatu, na ile ofisi. Hakuacha kupukuchua.

"Alijua," alisema nilipomaliza.

"Alijua, maman?"

"Siku ile ile alikuya akaniambia. Alisema, mutoto wake alikuwa kwa masomo, banapiga risasi, angefanya je? Alisema hata yeye angekimbia." Alitupa ganda pembeni. "Haikumukasirisha. Ile haikumukasirisha hata kidogo."

Nilianza kulia. Alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Lakini alikungojea," alisema. "Tangu atoke kule, kila mara mutu anabisha hodi, anasema: labda ni yeye. Ulikuya siku moja. Ulikunywa chai. Kisha ukakwenda, na akaniuliza: amesema kitu kwako? Mi nikasema hapana. Akageukia ukuta."

"Maman, nisamehe."

"Ulikuya tena kwa kilio. Ulipika, ulilia. Mi nikasema, leo atasema. Mbele ya batu bote atasema, watoto wangu basikie baba yao hakuiba." Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Bale badogo, shuleni, walikuwa wanaitwa batoto ba mwizi wa alkoli. Ulijua ile?"

Nilisema sikujua. Nilijua. Mji wetu si mkubwa hivyo.

"Sasa unaniambia miye," alisema, "hapa, katikati ya maharage. Miye nifanye nini na ile?"

Alingoja kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempa mgeni nafasi ya kumaliza. Kisha akaniambia kwamba gari la mwisho la kurudi mjini hupita mapema siku za soko, na nisipotoka sasa nitalala njiani.